Chifu Amekataa Kustaafu

Mtumishi wa serikali nchini Kenya hustaafu akitimiza miaka 60. Zamani ilikuwa 55, wakaongezewa mitano mwaka 2009, na sijasikia aliyeenda mahakamani kupinga. Chifu wa lokesheni yetu siku yake ilipofika alifanyiwa sherehe, akapewa tangi la maji na mbuzi wawili, akaenda zake kuangalia parachichi. Sasa tukikutana Mukuyu siku ya soko ananisalimia bila kuniuliza kitambulisho. Huyo ni binadamu muungwana. Chifu wa nyumbani kwangu ana mkia, na amekataa katakata.

Huyu wangu alikuja 2013, mwaka ule kaunti zilipoanza kazi, akiwa ndani ya kiondo cha mama yangu. Jina alilipata kwa tabia. Tangu udogoni alikuwa akikaa mlangoni kumkagua kila anayeingia, na asiyempenda alimfuata hadi kwenye kochi kumtazama miguu. Madaktari wa mifugo hukadiria paka wa miaka 12 kuwa sawa na mtu wa miaka 64. Kwa hesabu hiyo muda wake umepita kitambo, na bado anadai ofisi, kiti, gari la serikali (yaani mapaja ya binti yangu Wanjiku) na marupurupu yote. Kazi yenyewe haifanyi. Panya walifika mahali pa kupita mbele yake wakivuta makadamia, naye anawatazama kwa utulivu wa mtu anayesubiri pensheni.

Makadamia, kwa wasiojua, ndiyo karo ya shule huku kwetu Murang'a. Panya akibeba makadamia amebeba kitabu cha mtoto.

Mama yangu, Maitu, anaishi boma hili hili, nyumba yake ikiwa juu ya yangu, kwa sababu Murang'a hakuna kando; kuna juu na chini tu. Mimi ni mwanawe wa pili wa kiume, kwa hivyo nilipewa jina la baba yake mzazi kama mila inavyotaka, na akiwa na haja huniita "baba". Akiniita kwa jina langu, najua kuna kosa. Akiniita baba, najua kuna gharama.

"Baba," akaniambia jioni moja, "Chifu amezeeka. Tafuta paka wengine kabla panya hawajaanza kulala kitandani."

"Maitu, si tununue dawa ya panya?"

"Panya ale dawa, Chifu ale panya, tumzike Chifu. Hiyo ndiyo akili uliyosomea?"

Sikuwa na jibu, maana sumu ya panya kweli haiishii kwa panya. Paka, mbwa, hata bundi, kila anayemla yule marehemu hupata mgao wake. Basi wakaja vitoto viwili vya tumbo moja kutoka kwa jirani. Wa kike ana madoa meusi, ya manjano na meupe, watoto wakamwita Githeri bila mjadala. Wa kiume ana rangi ya krimu, naye ni Uji. Nyumba nzima ikashangilia. Mimi nikauliza nani atawalisha, na nilivyotarajia, kila mtu akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Chifu alikuwa mlangoni. Aliwanusa, akatoa sauti ambayo sikujua iko ndani yake, akamzaba Uji kofi moja la kumtoa sebuleni hadi jikoni. Githeri akapanda pazia. Pazia likashuka na Githeri. Tangu hapo nyumba yangu haijapata usingizi wa kueleweka.

Ningekuwa naishi tambarare ningevumilia kimya kimya, lakini huku sauti haina mpaka. Kuna mgongo wetu, kuna bonde na mto, halafu kuna mgongo mwingine, na mtu akikohoa upande huu, wa ng'ambo anampa pole. Paka watatu wakivamiana saa nane usiku chini ya mabati, hiyo ni taarifa ya habari. Jirani wa ng'ambo alinipigia simu kuuliza wezi ni wangapi, aje na panga au alete na wanawe. Nikamwambia ni paka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, mzee," kwa ile sauti ya mtu anayedhani unaona haya kusema kinachoendelea na mkeo.

Shemeji yangu wa Kasarani alipopata habari alicheka hadi simu ikakatika. Akanikumbusha ule mswada wa wanyama wa Kaunti ya Nairobi wa mwaka 2024, uliotaka mwenye paka alipe shilingi 200 kwa mwaka, aonyeshe ushahidi kwamba paka amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na ahakikishe paka huyo halii kwa namna ya kuwasumbua majirani. Mitandaoni watu waliufanyia mzaha. Kuhusu chanjo sikuona cha kuchekesha, maana kichaa cha mbwa hupita kwa paka pia, na nchi yenyewe imejiwekea mwaka 2030 kuwa ndio wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na mbwa wenye ugonjwa huo. Kuhusu kelele, nilitamani tu kumwona huyo afisa atakayetumwa kumwambia Chifu ashushe sauti. Ningemwandalia chai. Ningemwandalia na spiriti ya kusafisha mikwaruzo.

Ushauri haukunipungukia. Mzee mmoja dukani alinieleza kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, akaondoka, akidhani amenisaidia. Mwingine akasema nikimkata Chifu sharubu atakuwa mpole. Nikamkabidhi mkasi, akasema ana haraka. Mama mmoja wa kanisani alipoona Chifu anachechemea akanishauri nimpe nusu kidonge cha parasetamo. Namshukuru Mungu nilitangulia kumuuliza mwenye ujuzi, kwani paka hana uwezo wa kuivunja dawa hiyo mwilini na hata kipande kidogo kinaweza kumuua. Vijana wa bodaboda nao walikuwa na suluhisho lao.

"Mzee, mweke kwa gunia nimpeleke Kenol. Mia tatu tu. Hatarudi."

Maitu alikuwa akipita na kuni. Akasimama.

"Nawe ukizeeka tukuweke kwa gunia tukupeleke Kenol?"

Kijana akawasha pikipiki. Mke wangu, ambaye siku hizo alikuwa ameshaanza kuliangalia gunia la viazi kwa jicho la kupima, akaingia ndani bila kusema neno.

Mwenye ujuzi ni daktari wetu wa ng'ombe, yule anayekuja kumpandisha ng'ombe kwa sindano. Nilimvizia akiosha mikono. Nikamwambia nina mgonjwa mwingine ndani. Alipoona ni paka akatabasamu. Nadhani huku vijijini ni nadra kuitiwa kitu kisichotoa maziwa. Alimpapasa Chifu shingoni, akamfungua mdomo, akamkunja miguu ya nyuma. Hapo Chifu akamchana mkono.

"Mzee huyu haumwi roho," daktari akasema akijifunga kitambaa, "anaumwa kiuno."

Ikawa hivyo. Baridi yabisi kwenye viungo, meno mawili yameoza. Akaeleza kwamba paka ni hodari wa kuficha maumivu. Halii wala halalamiki, ila anaacha kupanda mahali pa juu, analala zaidi, na akiguswa vibaya anapiga. Kwa paka mzee wa tabia ngumu huangalia pia ile tezi ya shingoni, kwa sababu ikifanya kazi kupita kiasi paka hula sana huku akikonda, na hukosa utulivu. Chifu hajakonda hata kidogo, kwa hivyo hilo tukaliweka kando. Wale watoto, kwa upande wao, hawakuwa na nia ya vita. Mchezo wa paka mchanga ni kujificha nyuma ya kiti na kumrukia mwenzake mgongoni. Wakimrukia mgongoni mwenye kiuno kibovu, wanapata walichopata.

Meno yaling'olewa. Bei yake nilimficha mke wangu, na mpaka leo ipo kwenye kitabu changu chini ya kichwa "Chakula cha ng'ombe".

Lakini kulikuwa na vipigo vingine ambavyo kiuno hakikuvieleza. Uji alikuwa amelala zake, hajamgusa mtu, Chifu anashuka dirishani anamtandika. Daktari aliuliza swali moja tu: "Huko nje dirishani kuna nani?" Kuna dume la jirani, jeusi, la masikio yaliyochanika, ambalo kila jioni huketi juu ya ukuta wa zizi na kutazama nyumba yangu utadhani limeitiwa hati ya kiwanja. Chifu akiliona anavimba. Kioo kinamzuia. Hasira imeshapanda na lazima ishuke mahali, basi inashuka kwa wa karibu ambaye hana kosa. Daktari alisema ni jambo la kawaida sana kwa paka wa ndani. Nikamwambia ni la kawaida hata kwa wakubwa wengi wa ofisi. Dawa yake ilikuwa kuziba kioo cha chini kwa gazeti, na sasa sebule yangu haioni Mlima Kenya wala mto, inaona matangazo ya mnada.

Halafu zikaja zile taratibu za kitaalamu. Tenga chumba, akasema, wale wadogo wakae peke yao kwa muda, halafu muwe mnawabadilishia vitambaa wanavyolalia ili wazoeane harufu kabla ya kuonana. Tenga chumba! Nyumba ina vyumba vitatu. Kimoja ni cha Wanjiku, ambaye ni mtahiniwa na hairuhusiwi hata kupiga chafya mlangoni kwake. Kimoja ni cha wavulana, na humo hata harufu ya paka ingepotea. Kilichobaki ni chetu. Kwa hiyo Githeri na Uji wakahamia chumbani kwangu, na mimi, baba wa nyumba, niliyelipa mabati na saruji, nikawa natolewa blanketi na paka wa miezi mitatu.

Kuna suala la choo pia. Kanuni ni beseni moja la mchanga kwa kila paka na moja la ziada. Mabeseni manne! Watu sita tuna choo kimoja cha shimo, na foleni ya asubuhi tunapanga kwa heshima. Nilijaribu kujadiliana ishuke hadi matatu. Daktari akasema naweza kuweka hata moja, mradi nikubali mengine watakayojichagulia wenyewe. Nikakumbuka kapeti. Nikanunua manne.

Tulikuwa tumeanza kupata nafuu Githeri alipofikia umri wa kufungwa kizazi. Akapelekwa mjini asubuhi, akarudi jioni amelewa dawa, tumbo limenyolewa. Chifu alimtazama tu. Aliyenishangaza ni Uji. Ndugu yake wa tumbo moja, waliolala wamekumbatiana tangu kuzaliwa, alimnusa mara moja, akarudi nyuma, akamfokea na kumrukia mgonjwa wa watu. Tukawatenganisha kwa ufagio.

Ndipo nikaelewa paka wanavyoiendesha dunia yao. Sura hawaijali sana. Wanajuana kwa harufu. Paka ana tezi za harufu mashavuni, na akijisugua kwenye mguu wako pamoja na mapenzi yake anakuwa anakupiga muhuri. Wanaoishi pamoja hupigana mihuri kutwa hadi wanakuwa na harufu moja ya nyumba. Githeri alirudi bila muhuri, ananuka spiriti na mbwa wa kliniki, na bila muhuri hata ndugu yako hakutambui. Nimewahi kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu wa kweli nikisubiri karatasi yangu igongwe, kwa hivyo nilimhurumia sana. Dawa ilikuwa taulo moja: unamfuta huyu mashavu, unamfuta yule, unarudi kwa huyu, hadi wote wanuke taulo. Kazi hiyo inafanywa na nani usiku? Msiniulize.

Maitu alikuwa akifuatilia haya yote kwa subira ya mtu aliyekwisha kujua jibu. Siku nilipomweleza habari za vyumba na vitambaa, akaweka chini kikombe.

"Baba, ninyi mmemtoa mzee kitini bila mbuzi."

Akanikumbusha ituika. Kwa Wagikuyu wa zamani uongozi haukunyakuliwa, ulikabidhiwa. Kulikuwa na marika mawili makubwa ya vizazi yaliyopokezana, Mwangi na Irungu, ambao wengine huwaita Maina, na kila baada ya miaka thelathini au zaidi hivi kizazi kipya kilichanga mbuzi kikawapa wazee, zikafanywa sherehe nyingi, ndipo wazee wakaachia nchi. Hukulipa, hukupewa. Miaka ya 1920 zamu ya Irungu ilipofika serikali ya kikoloni ikaizuia ituika kabla haijakamilika, na haikurudi tena kwa sura yake.

Hapa nitaingiza langu ambalo Maitu hakulisema. Nadhani ilirudi, ila ilijificha kwenye karatasi ya kura. Gavana wetu wa kwanza mwaka 2013 alikuwa Mwangi, Mwangi wa Iria. Akamaliza mihula miwili, katiba ikamwonyesha mlango, na Agosti 2022 Murang'a ikamchagua nani? Irungu, Irungu Kang'ata. Mwangi akampisha Irungu, kwa utaratibu ule ule, baada ya miaka mia hivi ya kuchelewa. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwenye kilabu cha wazee na kwenye matatu ya Kangema na sijapata mtu wa kushangaa vya kutosha.

Basi Chifu alipwe. Maitu akapanga malipo: mapafu kutoka buchari mara mbili kwa wiki, omena kila siku, na awe wa kwanza kula, mahali pa juu asipofikiwa, wadogo wakiona. Cha ajabu, daktari naye alikuwa ameshasema karibu hayo hayo kwa maneno ya chuo: wape chakula kwa wakati mmoja lakini mbali mbali, kila siku sogeza sahani kidogo, ili kila akimwona mwenzake akumbuke kushiba na wala si kofi. Mmoja alisomea Kabete, mwingine alisomea kwa nyanya yake, na wote wawili bili wakaniletea mimi. Maana kwenye ituika wanaolipa ni vijana. Githeri na Uji hawana mbuzi. Hawana hata kuku, ingawa si kwa kukosa kujaribu.

Omena inatoka Ziwa Victoria, kule Magharibi, inapita Nairobi, inapanda hadi Mukuyu, na kila anayeishika njiani anaongeza kidogo. Nainunua kwa gorogoro. Muuzaji alishaniuliza kama nimefungua hoteli. Chifu huila polepole, juu ya meza ya zamani ya cherehani niliyomwekea na kiti cha kupandia kwa ajili ya kiuno chake, akigeuka mara kwa mara kuhakikisha wadogo wanatazama. Wanatazama. Sahani zao zimeshafika umbali wa hatua mbili, na kofi limebaki moja kwa siku, la desturi tu, la kutunza cheo.

Ilipofika baridi ya Julai, Chifu akajihamishia mwenyewe jikoni kwa Maitu, kwenye jiko la kuni, kati ya figa na ukuta, mahali penye joto. Mchana anashinda huko wazee wawili wakisinzia. Magharibi anateremka kwangu, anakagua mlango, anapita katikati ya Githeri na Uji wakimpisha, anapokea omena yake, anapanda tena. Panya wanakamatwa na Githeri. Uji anawaleta kitandani kwangu wakiwa hai nusu, kwa sababu bado anaamini kile ni chumba chake, na mke wangu naye anaamini hivyo, maana akipiga kelele anamwita Uji kwa adabu na mimi kwa jina.

Nilikuwa nimeanza kuvuta pumzi daktari aliponipigia jana. Ng'ombe ana mimba, pongezi. Na Ijumaa nimlete Uji ahasiwe, asije akaanza kugombea ukuta na lile dume jeusi. Nikamuuliza atarudi ananuka nini. Akasema, "Spiriti, kama kawaida." Nimenunua taulo tatu.